Kaburi Lililotangulia Jeneza

Mwezi uliopita, siku tuliyomzika Baba mkubwa Nathanaeli, nilikaa Makambako kwenye njia panda tangu saa mbili asubuhi, juu ya kiti cha plastiki nilichoazimwa na muuza vipuri, nikingoja gari lililokuwa linaleta jeneza kutoka Dar es Salaam. Simu yangu iliita mara sita. Aliyepiga ni Frank, mtoto wa mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa nyumbani Njombe na vijana kumi wenye majembe na sururu. "Shangazi, tuanze?" aliniuliza kila mara, kwa sauti ya mtu anayejizuia asimkosee mkubwa adabu. Nikamjibu wasianze. "Lakini Shangazi, simu inaonyesha wameshapita Mafinga. Bado saa moja na dakika kumi tu." Nikamwambia simu haijawahi kuzika mtu, na kwamba akinisumbua tena nitaizima yangu. Hakukata vizuri, nikamsikia akiwatuliza wenzake: "Kaeni tu. Kwetu kaburi haliguswi mpaka mtu wetu aone gari Makambako kwa macho yake. Jeneza ndilo hungoja kaburi. Ni mila ya mababu, ipo tangu zamani." Mmoja akaguna kwamba Wabena tuna mambo.

Nilicheka peke yangu pale barabarani, muuza vipuri akanitazama. Mila hiyo ya mababu ni ndogo kwangu kwa miaka kumi na minane. Niliisababisha mimi, kwa uzi wa kufumia sweta na atlasi ya shule, mwaka ambao nilijifunza kuogopa kusema jambo kwa uhakika. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na wanafunzi wangu watakumbuka kwamba kila nilipowapa swali la umbali na muda niliwaambia waandike mwishoni, "kama hakuna kilichotokea njiani." Walidhani ni utani wa mwalimu. Hata leo binti yangu akipanda ndege ananitumia ile picha yenye kindege kidogo kinachotambaa juu ya ramani, na saa na dakika zilizobaki zimeandikwa chini yake. Nakitazama, lakini siinjiki sufuria mpaka nisikie sauti yake mwenyewe.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo nyumbani kwa Baba mkubwa, kwenye kilima kilicho upande wa barabara ya Uwemba. Sebule yake naiona mpaka sasa: meza moja ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, viti vinne ambavyo sisi watoto hatukuvikalia, na ukutani picha ya Kaka Yoeli amesimama kwenye theluji, amevaa koti lililomfanya aonekane mnene. Yoeli alikuwa mtoto wa kwanza wa Baba mkubwa, na alikuwa Moscow akisomea uhandisi, mwaka wa tatu. Atlasi aliyoiacha ilikuwa juu ya kabati, na niliyeruhusiwa kuishusha ni mimi tu kwa sababu nilikuwa naosha mikono kwanza. Jikoni, ambako ndiko tulikoishi hasa kwa sababu ya baridi, Bibi alikaa karibu na mafiga akifuma sweta jekundu la Yoeli. Alikuwa amejifunza kufuma kwa wamisheni akiwa msichana, na alikuwa amesikia kwamba huko Moscow maji hugandia kwenye ndoo. "Hata hapa yanaganda Julai," alisema, "lakini hapa ana mimi."

Telegramu ya kwanza ililetwa sweta likiwa limefika kwapani. Yoeli alikuwa ameugua ghafla na kufia hospitalini. Sitaeleza siku hizo. Nitasema tu kwamba Mama mkubwa, mama yake Yoeli, aliacha kula vyakula vya moto, kana kwamba vilikuwa vinamkosea mwanawe, na kwamba Bibi hakuacha kufuma. Tulikaa na msiba usio na maiti siku kumi. Wageni walilala sebuleni hadi jikoni, magunia mawili ya viazi yakaisha, na wanaume waliokuwa wakiota moto uani wakaanza kuzungumzia mbegu na bei za mbolea kwa sauti za chini, halafu kwa sauti za kawaida. Ndipo siku ya Jumapili ikaja telegramu ya pili, kutoka kwa Baba mdogo Asheri aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam: mwili ungepanda ndege kesho yake, Jumatatu, saa nne usiku.

Jioni ile wanaume walikaa sebuleni kupanga. Mimi nilikuwa nikipita na birika la chai, nikawasikia. Mmoja aliuliza kama Moscow ni mbali kuliko Zambia. Mwingine akamcheka, akasema Zambia ni hapo tu, treni inakwenda. Mzee Simoni, jirani yetu ambaye ndiye aliyeongoza uchimbaji wa makaburi yote ya kilima kile, alisema yeye aliwahi kutumia siku mbili kufika Ludewa wakati wa masika, kwa hiyo huko kwenye theluji tuhesabu mwezi. Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa mtu wa kupanga. Hata shamba lake la viazi lilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko ya shule. Mchungaji alikuwa amemwambia kwamba Alhamisi alfajiri anasafiri kwenda Ludewa na hatarudi kabla ya wiki nyingine. Sehemu ya kuzikia ya ukoo ilikuwa na mwamba chini, kaburi moja lilichukua siku nzima na zaidi. Na mwili uliokaa siku zote hizo haukufaa kuwekwa ndani ya nyumba hata kwa saa chache. Alitaka kujua jambo moja tu: Yoeli atafika lini. Akasema, "Mwiteni Edina."

Niliweka birika chini, nikanawa mikono, nikashusha atlasi. Sikuwa na rula, kwa hiyo nilikwenda jikoni kumwomba Bibi uzi. Akanipa mwisho wa ule mwekundu bila kuukata, nikauvuta mpaka sebuleni ukitokea kwenye kibonge chake, ukapita juu ya miguu ya wageni. Nikashika ncha kwenye nukta ya Moscow na kuushusha taratibu. Nilishangaa mwenyewe jinsi ulivyonyooka: Moscow iko juu yetu kabisa, kama mtu aliye ghorofani. Uzi ulipita Uturuki, Arabuni, Uhabeshi, Kenya, ukafika Dar es Salaam. Nikaulinganisha na kipimo kilichochorwa chini ya ramani, nikapata kilomita elfu saba. Kitabu chetu kilisema ndege kubwa hukimbia kilomita mia nane kwa saa. "Saa tisa kasoro," nikasema. "Saa tisa tu?" aliuliza Mzee Simoni. "Kutoka kwa wazungu mpaka hapa?" Nikamjibu ndiyo, babu. Baba mkubwa akanisogezea kiti. Kiti kile, mbele ya wanaume wote, na mimi msichana wa kumimina chai. Nikakaa. Kichwa kilinivimba, siwezi kuficha, na laiti nisingekalia kile kiti.

Nikaendelea na hesabu bila kuulizwa. Ndege ikitoka Jumatatu saa nne usiku, itatua Dar es Salaam Jumanne saa moja asubuhi. Mchana kutwa watamaliza karatasi. Gari likiondoka Dar saa nne usiku, kilomita mia saba mpaka Makambako, kwa mwendo wa hamsini kwa sababu ya jeneza, ni saa kumi na nne. Kwa hiyo Makambako ni Jumatano saa sita mchana. Kutoka pale mpaka nyumbani ni saa moja. "Jumatano, saa saba mchana," nikasema, kama nilivyosikia matangazo ya redio yakisemwa. Mzee Simoni alikuna shingo. "Nathanaeli, tungengoja gari lionekane kwanza. Shimo si kitu cha kufungua ovyo." Baba mkubwa akamtazama kwa upole wa mtu aliyechoka. "Simoni, mtoto amesoma. Tutaanza Jumanne, tumalize Jumatano." Kutoka jikoni Bibi akapaza sauti kwamba nimrudishie uzi wake, na kwamba nisiuvute sana kwa sababu sufu inarefuka. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya siku kumi.

Jumatano asubuhi nilitumwa Makambako kulipokea gari na kuwaonyesha njia ya kuingia kwetu. Nilipoondoka, kaburi lilikuwa limefika kiunoni na sururu zilikuwa zinagonga mwamba. Nilikaa kwenye hoteli ya mama mmoja aliyeitwa Mama Shukuru, chumba chenye benchi mbili na dirisha linalotazama barabara kuu. Alinipa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, akaniambia nile polepole kwa sababu wanaosubiri hula upesi halafu hukosa la kufanya. Saa nne nilikuwa mtulivu. Saa tano nilitoka nje kila nilipoona gari lenye turubai. Saa sita kamili nilisimama kabisa ukingoni mwa barabara, nimevaa kanga nyeusi, na kila dereva aliyepunguza mwendo kwa ajili ya kona alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye habari. Lilipita lori la saruji. Likapita basi la Mbeya. Likapita gari dogo lenye kitu kirefu nyuma, nikashika nguzo, kumbe ni mabomba. Ndani, madereva wawili walikuwa wakila ugali na kuongea. Mmoja alisema ndege siku hizi hazibebi maiti abiria wakijaa, mwili unashushwa unaachwa. Mwenzake akamwambia ale, aache mambo ya misiba mezani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ndege inaweza kushusha kitu katikati ya uzi.

Saa tisa nilikimbia posta, nikaomba simu ya Dar es Salaam, kazini kwa Baba mdogo. Ilichukua karibu saa nzima kuunganishwa. "Edina?" alisema. "Unafanya nini Makambako? Hamkupata telegramu yangu ya jana?" Nikamwambia hatukupata. Baadaye tulijua kwamba telegramu ililala posta ya Njombe tangu Jumanne mchana. Hakuna aliyekwenda kuuliza, kwa sababu Edina alikuwa ameshasema. Baba mdogo akanieleza polepole, na mimi nikabana kile chombo sikioni hadi sikio likauma. Ndege haikuja moja kwa moja. Ilitua kwanza kwenye mji mwingine, wakabadilishiwa ndege, na ile ya pili ilikuwa imejaa. Jeneza liliachwa huko. Lingekuja Ijumaa, Mungu akipenda. "Waambie wasubiri," alisema. "Wasichimbe kitu bado." Nilirudisha chombo mezani kwa mikono miwili, kana kwamba kingevunjika.

Nilirudi Njombe nyuma ya lori la mbao, na njia nzima nilikuwa nikiomba mwamba uwe umewashinda, sururu ziwe zimekatika, mvua iwe imewafukuza. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti ya miwati nilipopanda kilima. Ukungu ulikuwa umeshuka. Kwenye uzio wa mbele niliona kitu chekundu, nikasogea, nikaona ni Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya ua, blanketi begani, sweta la Yoeli mapajani, limekamilika mikono yote miwili. Nywele zake zilikuwa zimelowa ukungu, na midomo ilikuwa imegeuka rangi. "Kamwene, mjukuu wangu," alisema. "Umekuja naye?" Nikamuuliza amekaa hapo tangu saa ngapi. "Si ulisema saa saba?" akasema. "Nilitoka saa saba."

Walikuwa wamemaliza kuchimba saa tisa. Nilipowaambia, hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Mzee Simoni alikuwa ameshika koleo lake. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa hili shimo." Kila mtu mzima alijua anamaanisha nini, na mimi nilijua pia, kwa sababu tulikua tukisikia. Kaburi likimalizika kuchimbwa hufungwa siku hiyo hiyo na mwenyewe akiwa ndani. Likilala wazi linatafuta mtu mwingine. Kulifukia tupu hakuruhusiwi pia, maana ni kumzika aliye hai. Wazee wakaamua kwamba litawekewa moto pembeni na mtu wa kukaa nalo, lisiachwe peke yake hata dakika. Baba mkubwa alichukua mzigo wa kuni wa kwanza mwenyewe, akaenda.

Bibi aliamka Alhamisi akikohoa. Kufikia mchana alikuwa amelazwa chumbani kwake, kile chumba kidogo nyuma ya jiko kilichonuka moshi na dawa ya kuchua, na mganga wa zahanati akaja akasikiliza kifua chake na kutoa sindano. Alisema ni mapafu, apewe joto. Jikoni, nikiwa nimeinama kwenye sinia la kumenyea viazi, niliwasikia wanawake. "Uji ameukataa." "Asubuhi aliunywa kidogo." "Lile shimo sasa ni siku ya pili." "Nyamaza wewe." "Nasema tu. Na yeye ndiye mzee kuliko wote humu." "Lile ni refu, limepimwa kwa suruali za Yoeli." "Sasa shimo linajali urefu?" Mmoja akaniona, akamkanyaga mwenzake mguu, wakaanza kuongea habari za chumvi. Niliendelea kumenya. Nilimenya kiazi kimoja hadi kikabaki kama punje ya hindi, na kisu kikanikata, na sikuwaambia.

Wao waliogopa shimo. Mimi niliogopa shimo na kigoda. Nilisoma, nilijua baridi ya Juni inaweza kumfanya nini kikongwe aliyekaa kwenye ukungu kuanzia saa saba hadi magharibi. Hakuna aliyekuwa amekitaja kile kigoda. Walisema shimo, shimo, na mimi nilikuwa na neno langu moja tumboni: saa saba, saa saba. Nilikwenda kukaa naye. Alinishika mkono, kiganja chake kilikuwa cha moto, akaniuliza kwa Kibena kama ndege ina mahali pa kupumzikia. Nikamwambia ndiyo, Bibi, sikujua, inapumzika kwenye miji ya katikati. Akafikiri. "Kwa hiyo uzi una mafundo," alisema. Halafu akanitazama kwa jicho lake la utani, lile lile la siku zote. "Usinikunjie uso. Waambie kina Simoni lile shimo ni la mtu mrefu, mimi nitapotea mle. Mimi wanichimbie langu, dogo." Nilimwambia asiseme hivyo. Akasema basi nimletee togwa. Nilikimbia kuleta, alipiga mafunda mawili, na mimi nikayahesabu.

Ijumaa saa nne asubuhi nilipeleka kuni kaburini. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona nyumba nilikotoka. Mzee Simoni alikuwa zamu, akaniomba nikae kidogo akanywe chai, akaniacha. Nilikuwa sijawahi kuwa peke yangu na kaburi wazi mchana wala wakati mwingine wowote. Moto ulikuwa unafuka tu, kuni zilikuwa mbichi. Nilijiambia nisitazame, nikatazama. Kuta zilikuwa zimekatwa vizuri, na chini maji kidogo yalikuwa yamekusanyika juu ya mwamba. Kutoka nyumbani, kupitia ukungu, nilisikia kikohozi cha Bibi, kikavu, kikaja moja kwa moja kana kwamba hakikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mfukoni nilikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Sijui nilitumwa na nini. Nilipiga magoti nikaanza kulipima, urefu, kisha upana, na nikiwa katikati nikatambua kwamba nilichokuwa nakilinganisha na uzi kichwani mwangu ni Bibi. Nilitupa ule uzi ndani. Na mimi, niliyepata alama ya juu kabisa ya jiografia shuleni kwetu, nikaongea na shimo. Nikaliambia, "Subiri mpaka kesho. Mwenyewe yuko njiani. Nakuomba, subiri mpaka kesho." Mzee Simoni aliporudi alinikuta nimekumbatia mti wa mwati.

Jeneza lilifika Dar es Salaam Ijumaa, na Jumamosi mtu mwingine alitumwa Makambako. Mimi nilikataa, na hakuna aliyenilazimisha. Bibi alikufa Jumamosi saa tatu asubuhi, Mama mkubwa akimshika kichwa na mimi nikishika miguu iliyokuwa inapoa. Sweta la Yoeli lilikuwa limekunjwa chini ya mto wake. Gari lilipanda kilima saa nane mchana. Tulimzika Yoeli siku ile ile kwenye kaburi lake lililomngoja, mwinjilisti akisimama mahali pa mchungaji, na jua la kesho yake tukamzika Bibi kwenye la kwake, dogo, kama alivyoagiza. Wanawake walisema shimo limepata lilichotaka. Sikulia mbele za watu. Nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo litatoka lile neno.

Jumanne, wageni walipoondoka, Baba mkubwa aliniita sebuleni. Atlasi ilikuwa mezani, imefunguliwa. Nilidhani ananifukuza, na nilikuwa tayari nimefunga nguo zangu kwenye kanga. "Nionyeshe tena ulivyopima," alisema. Nikamwambia uzi sina. Akafungua mkono, alikuwa na mwingine, aliukata kwenye kibonge cha Bibi. Nikapima, naye akafuata kwa kidole chake kilichopasuka kwa jembe, kutoka Moscow mpaka kwetu. "Kilomita elfu saba?" "Ndiyo, Baba mkubwa." "Na saa tisa?" "Ndiyo." Akatikisa kichwa. "Hukukosea." Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia yote: kwamba si shimo, ni kigoda, kwamba Bibi alikaa nje kwenye baridi kwa sababu ya saa saba yangu, kwamba mimi ndiye niliyemuua. Aliningoja nimalize. Halafu akasema, akitazama meza, "Nilimwona. Nilipita pale mara tatu siku ile na koleo begani. Mara ya tatu alikuwa anatetemeka. Ningemwingiza ndani. Nikasema, aa, gari linakaribia, Edina amesema saa saba." Akafunga atlasi. "Alikuwa mama yangu, Edina. Usilibebe peke yako kama vile mimi sikuwepo."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama mbele ya ukoo wote akasema kwamba kuanzia siku ile hakuna kaburi litakaloguswa mpaka mtu wetu alione gari Makambako kwa macho yake. Hakutaja jina langu, na mpaka anakufa hakulitaja katika habari hiyo. Matokeo yalipotoka aliuza ng'ombe nikaendelea na masomo. Mwaka jana, akiwa anaugua, aliacha neno moja tu kuhusu mazishi yake: Edina ndiye akae njia panda.

Kwa hiyo nilikaa. Ile saa moja na dakika kumi ya Frank ilipita, ikapita na nyingine karibu nzima, kwa sababu lori lilikuwa limelala barabarani mbele yao. Gari lilipotokea nilisimama katikati ya njia kama askari. Dereva akasimama, nikamwomba afungue nyuma, nikapanda, nikaweka kiganja juu ya jeneza na kusoma jina lililoandikwa pale. Ndipo nikampigia Frank.

"Nimemwona," nikasema.

"Asante Mungu. Vijana, haya! Shangazi, kwa hiyo mtafika saa ngapi?"

"Bibi yako yuko wapi?" nikamuuliza. Mama mkubwa sasa ana zaidi ya miaka themanini.

"Yuko nje hapa getini, amekaa. Tumembembeleza aingie, hataki. Anasema anamngoja babu."

"Acha jembe," nikamwambia. "Mchukue, mwingize ndani, kaa naye kwenye moto. Sisi tutafika tukifika."